Kompyuta ya gemu nyeupe na pinki: hakikisha vifaa vinakubaliana kabla mjomba hajanunua

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni msichana wa Likoni, Mombasa. Nataka kuunda kompyuta yangu ya kwanza ya gemu, rangi yake nyeupe na pinki. Mjomba wangu anakuja likizo kutoka Dubai mwisho wa mwezi ujao, na amekubali kuninunulia vifaa huko. Nimechagua prosesa Ryzen 5 7600; mazabodi ASRock B550M Steel Legend; RAM nyeupe za DDR5 zenye taa, vijiti vinne vya GB 8; kadi ya grafiki RTX 5060 Ti nyeupe ya feni tatu; kipozaji cha maji cheupe cha mm 360; pawasaplai nyeupe ya ATX ya wati 850; na kasha la pinki la Cooler Master NR200P. Feni na utepe wa taa nimeshanunua hapa mjini. Nitachezea kwenye TV ya nyumbani ya 1080p. Gemu zangu ni Fortnite, Valorant na EA FC. Je, vitakubaliana?

Marahaba, mdogo wangu. Havitakubaliana, na ni heri umeuliza kabla mjomba hajatoa pesa. Prosesa na kadi ya grafiki umechagua vizuri, na RAM ni ya aina inayotakiwa. Vilivyobaki vinagombana: bodi haipokei prosesa hiyo wala RAM hiyo, na yenyewe haienei ndani ya kasha, rejeta ya kipozaji (ile sehemu yenye feni inayotoa joto la maji) haienei, pawasaplai haienei. Na hizo taa ulizokwisha kununua, nakuomba uzitazame plagi zake kwanza kabla hujazichomeka popote.

Chanzo naona ni kimoja. Ulipenda kasha kwa rangi yake, ukatafuta vya kulijaza. Geuza mpango: nunua vifaa vyeupe vinavyokubaliana, halafu pinki iwe mwanga. Vifaa vya pinki ni vichache sokoni, vingi ni matoleo maalumu ya bei ya juu, na kimoja kikiharibika ni kazi kupata cha kufanana nacho. Kitu cheupe hushika rangi yoyote unayoimulika juu yake. Leo pinki, mwakani ukiichoka unaweka zambarau bila kununua hata skrubu.

Tuanze na prosesa na bodi, maana hapo hakuna mjadala. Ryzen 5 7600 inakaa kwenye soketi (mahali prosesa inapokaa kwenye bodi) ya AM5, ambayo AMD waliitoa mwaka 2022. Bodi yoyote yenye jina B550, Steel Legend ikiwemo, ni ya soketi ya kizazi kilichotangulia, AM4, iliyoanza 2016. Adapta haipo. Tofauti unaiona kwa macho: prosesa ya AM4 ina pini tumboni, ya AM5 ni bapa na pini ziko ndani ya soketi ya bodi. RAM nayo hufuata soketi: B550 inataka DDR4, AM5 inataka DDR5 basi. Vijiti vya aina zote mbili vina migusano 288, na ukivitazama haraka utadhani ni vya namna moja, ila ule mkato wa chini haupo mahali pamoja. Kijiti kikikataa kuingia, usikisukume.

Kwa hiyo badilisha bodi, prosesa na RAM zibaki DDR5. Tafuta B650M au B850M. Hiyo M huashiria Micro-ATX, ukubwa unaofaa kasha nitakalokutajia. Kwa weupe, Gigabyte wana B650M Aorus Elite AX Ice, na hapo hata ubao wenyewe ni mweupe. ASRock wana B650M Pro RS WiFi, ambayo mabamba yake ni ya rangi ya fedha juu ya ubao mweusi; si theluji, lakini chini ya taa za pinki hutaona tatizo. Ryzen 7600 kwa kawaida huwaka kwenye bodi za AM5 bila kusasisha BIOS, ile programu ya ndani ya bodi inayoiwasha kompyuta. Mjomba akishawishiwa dukani achukue prosesa mpya zaidi ya mfululizo wa 9000, basi bodi ya B650 iwe na kitufe cha kusasisha BIOS kwa fleshi bila prosesa, kwa sababu bodi iliyokaa sana stoo inaweza kuwa na BIOS isiyoitambua.

Njia ya pili ipo, ya bei nafuu: ubaki na B550M yako, uchukue Ryzen 5 5600 na RAM za DDR4. Kwa gemu zako inatosha. Ila bodi hiyo imefika mwisho wa safari yake, wakati AMD wameahidi kuendelea kutoa prosesa za AM5 hadi 2027 na kuendelea. Tena ukienda njia hiyo, usidanganywe na Ryzen 5 5500 au 5600G kwa kuwa bei yake ni ndogo. Hizo zinaishia PCIe 3.0 (PCIe ni njia ya data kati ya prosesa na kadi, na 3.0 ni kizazi cha zamani), na RTX 5060 Ti hutumia njia nane tu za PCIe, kwa hiyo unaibana mara mbili. Mimi ningejikaza nichukue AM5.

RAM nne. Najua kwa nini: nafasi nne zikiwaka zote zinapendeza. Lakini AMD wenyewe wanaidhinisha Ryzen 7000 ifanye kazi kwa DDR5-5200 ukiwa na vijiti viwili, na ukiweka vinne kiwango kinashuka hadi DDR5-3600. Unalipa zaidi upate mwendo mdogo. Chukua pakiti moja ya vijiti viwili vya GB 16, DDR5-6000, yenye alama ya EXPO (mpangilio wa kasi uliotayarishwa kwa prosesa za AMD), ukipata CL30, yaani yenye kuchelewa kidogo, vizuri zaidi. Viweke kwenye nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Ukishawasha kwa mara ya kwanza, ingia BIOS uwashe EXPO, la sivyo umelipia 6000 na inakimbia kwa mwendo wa kawaida. Nafasi mbili tupu zikikukera sana, kuna vijiti bandia vyenye taa tu, havina kumbukumbu ndani, Corsair ni miongoni mwa wanaoviuza. Ni pambo, na havisumbui mfumo. Bei za RAM zilipanda vibaya mwishoni mwa 2025, kwa hiyo ukikwama, viwili vya GB 8 vitakuendesha kwa gemu ulizotaja. Usinunue kijiti kimoja ukitarajia kuongeza mwenzake baadaye. Viwili viwe vya pakiti moja.

Sasa kasha, ambalo najua ndilo lililokuteka moyo. NR200P ya ile pinki wanayoiita Flamingo ni nzuri kweli, pinki ya heroe wa Ziwa Bogoria. Lakini ni kasha dogo la bodi za Mini-ITX. Mini-ITX ni milimita 170 kwa 170. Micro-ATX ni 244 kwa 244. Hapo hakuna kukunja wala kukata. Pawasaplai yake ni ya umbo dogo la SFX au SFX-L, wewe umeandika ATX, ambayo ni kubwa zaidi. Rejeta kubwa kabisa linayoweza kubeba ni ya mm 280, wewe umeandika 360. Kadi ya grafiki inaruhusiwa kufika mm 330 kwa urefu, kwa hiyo hiyo peke yake ingepita.

Ukisema huliachi, sawa, ila ujue unajenga nyumba nyingine kabisa. Bodi ya Mini-ITX ya AM5, kama MSI MPG B650I Edge, ambayo ni ya rangi ya fedha, kwa kawaida inauzwa ghali kuliko Micro-ATX yenye uwezo uleule, na ina nafasi mbili tu za RAM. Pawasaplai ya SFX nyeupe zipo, Lian Li SP750 kwa mfano, nazo zina bei yake. Nyaya unazipanga katika nafasi finyu, na kwa mtu anayeunda mara ya kwanza, saa mbili za kazi zinageuka kuwa siku nzima ya kulaumiana na skrubu. Kwa kompyuta ya kwanza sipendekezi.

Kasha ninalopendekeza ni ASUS Prime AP201, jeupe, toleo la ubavu wa kioo. Ni la Micro-ATX, ujazo wa lita 33, kwa hiyo bado ni dogo la kukaa mezani. Linapokea kadi ya grafiki hadi mm 338, kipozaji cha hewa hadi mm 170, na pawasaplai ya kawaida ya ATX hadi mm 180. Hizo namba tatu ndizo za kuangalia kwa kasha lolote utakalolipenda baadaye. Ukurasa wa mtengenezaji wa kadi unaandika urefu wake, wa kipozaji unaandika kimo chake, na wa kasha unaandika kikomo. Unatoa kimoja kwenye kingine, na ubakiwe na angalau sentimita moja. Usisahau unene wa kadi. Kadi ya feni tatu mara nyingi hula nafasi mbili na nusu au tatu, na ukiwa na feni sakafuni mwa kasha, unene huo ndio unaoamua kama kadi itapumua.

Kipozaji cha maji kifute kwenye orodha. Ryzen 5 7600 ni prosesa ya wati 65, na hata ikikazana kikomo chake kwenye soketi ni wati 88. Rejeta ya mm 360 kwa wati 88 ni lori la tani kumi kubebea kikapu cha samaki. Chukua kipozaji cha hewa cheupe cha mnara mmoja, kama Thermalright Assassin X 120 Refined SE toleo jeupe lenye taa, chenye kimo cha mm 148. Napenda mnara mmoja hapa kwa sababu ya rangi pia: ile minara miwili hufunika RAM, na RAM zako za taa umezinunua zionekane. Boksi la 7600 lina kipozaji chake kidogo cheusi ndani. Pesa zikikatika, anza nacho, ubadilishe ukipata.

Pawasaplai. Piga hesabu nami: prosesa wati 88, kadi ya RTX 5060 Ti wati 180, bodi na SSD (diski ya kuhifadhia) na feni na taa tuseme 60. Jumla ni kama wati 330. Nvidia wenyewe wanashauri pawasaplai ya wati 600 kwa kadi hiyo, kwa hiyo 650 ya kampuni inayojulikana inatosha na kubaki. Wati 850 si kosa, ila pesa ya ziada ningeipeleka kwenye skrini, nitaifikia. Nisichokubali ni pawasaplai nyeupe isiyo na jina kwa sababu tu ni nyeupe. Hicho ndicho kifaa pekee ambacho kikifa vibaya kinaweza kufa na wenzake. Na katika AP201 hakionekani sana, kinajificha mbele ya kasha. Ikiwa nyeusi ya kampuni nzuri ni nafuu kuliko nyeupe, chukua nyeusi bila huzuni.

Kinachoonekana ni nyaya zake, na hapa nakuomba usome polepole. Watu hutaka nyaya nyeupe au pinki, wakaona dukani seti ya nyaya za pawasaplai nyingine, plagi zinaingia, wakachomeka. Usifanye hivyo kamwe. Kwenye pawasaplai ambayo nyaya zake huchomoka pande zote mbili, upande unaoingia kwenye bodi na kadi ndio uliosanifiwa kwa wote. Upande unaoingia kwenye pawasaplai kila kampuni hupanga pini inavyotaka, hata modeli mbili za kampuni moja zinaweza kutofautiana. Plagi itaingia vizuri, utawasha, na volti 12 zitakwenda pasipotakiwa. Njia salama ya kupata rangi ni nyaya za kurefusha: unaacha nyaya za asili zilizokuja na pawasaplai, unaongezea mbele yake kipande cha rangi chenye plagi ya kike upande mmoja na ya kiume upande wa pili. Nunua seti yenye waya wa pini 24 wa bodi, wa pini 8 wa prosesa, na wa pini 8 wa kadi; kadi nyingi za RTX 5060 Ti zinataka huo mmoja tu, ila thibitisha modeli yako. Waya wa prosesa umegawanyika 4 na 4, wa kadi 6 na 2. Zinafanana, lakini si kitu kimoja na hazibadilishani. Hapo kwenye kurefusha ndipo ningetumia pinki: nyaya nyeupe zenye mistari ya pinki mbele ya bodi nyeupe zinaonekana hata taa zikizimwa.

Tuje kwenye taa, ambazo ndizo zitakazokupa rangi yenyewe. Kuna mifumo miwili, na plagi zake zinakaribiana kwa sura. RGB ya kawaida ni volti 12, matundu manne mfululizo. Utepe wote huwaka rangi moja kwa wakati mmoja. ARGB ni volti 5, sura yake ni ya matundu manne lakini moja limezibwa, kwa hiyo ni matatu. Kila kijitaa kinaweza kuwa na rangi yake. Ukichomeka taa za volti 5 kwenye pini za volti 12, zinaweza kuungua papo hapo. Tazama utepe ulionunua. Ukiwa umeandikwa 12V, basi hauendi kwenye pini za ARGB, uchomeke kwenye pini za RGB za bodi kama zipo, au umpe rafiki. Feni zako nazo: zikiwa na plagi moja kubwa ya pini nne ya mtindo wa zamani, ile ya Molex, na rimoti, hizo zinazunguka mwendo mmoja daima na bodi haitazitambua wala kuzibadilisha rangi. Zikiwa na plagi ya ajabu ya pini sita, zinafanya kazi na kisanduku chake tu. Ningezirudisha kama duka linakubali. Feni za kununua ni za mm 120, zenye waya wa pini nne wa PWM kwa mwendo, na waya wa ARGB wa volti 5 kwa taa. Nyingi siku hizi zinaungana moja kwa nyingine, hivyo unabaki na nyaya mbili tu za kupeleka kwenye bodi.

Mpangilio: za chini zivute hewa ndani, za nyuma na juu zitoe. Feni ya kawaida upande wake mzuri ni ule unaovuta. Upande wa pili una ile miguu ya plastiki inayoshika mota. Feni za chini utaziona kutoka ndani ya kioo, yaani upande mbaya. Ndiyo maana kuna feni za mabawa yaliyogeuzwa, zinasukuma hewa kinyume ili sura iwe juu. Nunua mbili za hivyo kwa chini, nyingine za kawaida. Ni jambo dogo ambalo wengi huligundua wakiwa wameshafunga skrubu zote.

Kuhusu pinki yenyewe. Ukichukua namba za pinki unayoiona kwenye simu na kuziweka kwenye programu ya taa, utapata nyeupe iliyofifia. Vijitaa vya LED havionyeshi rangi kama skrini inavyoonyesha. Kijani na buluu kidogo tu vinatosha kuosha nyekundu yote. Anza na nyekundu 255, kijani 30, buluu 90, kisha rekebisha kwa jicho, ukipunguza kijani kwanza. Na RAM, feni na kipozaji havitafanana kwa namba zilezile, kwa sababu kila kampuni ina vijitaa vyake. Rekebisha kimoja kimoja usiku, taa ya chumba ikiwa imezimwa. Ili usiishi na programu nne zinazogombania taa, chagua bodi kwanza, halafu feni na kipozaji cha ARGB ya volti 5 vitaitii bodi hiyo: Gigabyte wana RGB Fusion, ASRock wana Polychrome, ASUS Aura Sync, MSI Mystic Light. Kadi ya grafiki chukua isiyo na taa kabisa. Nyeupe tupu, feni za chini zitaipaka pinki bure.

Weupe nao si mmoja. Kuna mweupe wa ubuluu, kuna mweupe wa maziwa, na kuna "nyeupe" ambayo ni fedha. Kadi nyingi zinazoitwa nyeupe zina kava jeupe mbele na mgongo wa kijivu au mweusi, na mgongo huo ndio unaotazama juu kasha likisimama. Mwambie mjomba atazame picha ya mgongo kwenye boksi. Ukiweza kupata kadi na bodi za kampuni moja, uwezekano wa weupe kulingana ni mkubwa zaidi. Usilipie weupe kwa SSD. Inakaa chini ya bamba la bodi, hakuna atakayeiona. Chukua NVMe ya TB 1 ya umbo la M.2 2280, rangi yoyote.

Kadi ya RTX 5060 Ti ina matoleo mawili yenye jina lilelile, GB 8 na GB 16. Zilipotoka Aprili 2025 bei zilizotangazwa zilikuwa dola 379 na 429. Chukua ya 16, na mjomba asome boksi, si karatasi ya bei. Lakini nakuuliza: TV ya nyumbani ina herzi ngapi? Zikiwa 60, basi utaona fremu 60 kwa sekunde hata kadi ikitoa 200, na Valorant kwenye TV ya kawaida ina kuchelewa kunakoudhi kati ya kubofya na kuona. Kama bajeti haiongezeki, shuka hadi RTX 5060 au RX 9060 XT ya GB 16, na salio nunua monita ya 1080p ya herzi 144 au zaidi. Hilo utalihisi mikononi kuliko tofauti ya kadi. Na waya wa monita uchomekwe kwenye kadi, si kwenye bodi. 7600 ina grafiki ndogo ndani yake, kwa hiyo picha itatoka hata ukikosea, utakaa mwezi mzima ukishangaa kwa nini gemu zinakwama.

Safari ya mjomba. Kasha asilibebe. Ni kubwa na lina kioo. Tafuta hapa Mombasa au uagize Nairobi, na ulipate kabla hajaondoka Dubai, ili ukikosa AP201 ujue vipimo vya ulilopata. Yeye abebe prosesa, bodi, RAM, SSD, kadi na kipozaji. Pawasaplai ni nzito lakini haina shida: umeme wa Dubai na wetu ni wa volti na herzi zinazolingana, na plagi ya ukutani ni ileile ya pini tatu za bapa. Bodi mpya inakuja na kifuniko cha plastiki juu ya soketi. Dukani wakikifungua kuonyesha, atazame pini zote ziko sawa kabla hajalipa, kwa sababu pini iliyopinda kwenye AM5 ni hasara ya bodi nzima. Aulize waranti inakubalika wapi. Ikiwa ni ya duka la Dubai tu, kadi ya grafiki ndiyo ningeilinganisha kwanza na bei ya hapa. Risiti zote akae nazo, forodhani na baadaye.

Likoni mna upepo wa bahari. Chumvi na unyevu havipendi chuma kilicho wazi, na vumbi juu ya nyeupe linaonekana kwa wiki moja. Weka kompyuta mezani, mbali na dirisha. Plastiki nyeupe inayopigwa na jua hugeuka njano, na huo unjano hautoki kwa kufuta. Nunua UPS (betri ya akiba ya umeme), ukisoma wati zake na siyo VA, maana namba ya VA huwa kubwa na ndiyo wanayoiandika kwa herufi nene. Ikuwezeshe kuhifadhi na kuzima taratibu umeme ukikatika. Si ya kumalizia mechi.

Siku ya kuwasha, usiogope skrini ikibaki nyeusi dakika kadhaa mara ya kwanza. Bodi za AM5 huanza kwa kuizoea RAM, na anayezima kwa hofu katikati anaianzisha upya. Weka Windows 11, kwa sababu Windows 10 iliachiwa mkono na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Valorant kwenye Windows 11 inataka TPM 2.0 na Secure Boot, vipengele viwili vya usalama, viwe vimewashwa. Vyote viwili viko ndani ya BIOS ya bodi yako. Pakua dereva ya WiFi kwenye fleshi mapema, maana bodi mpya mara nyingi haitambui WiFi yake hadi upewe dereva.

Kibodi, kipanya na hedseti za pinki hukuuliza, lakini najua zinakuja. Nunua mwisho, popote, pinki unavyotaka. Zinaingia kwenye USB na hazigombani na kitu.